Funguo za Daftari la Wajane



Barua nyingi zinazofika katika safu hii huhusu mahari, mirathi, au kijana aliyeacha kwenda madrasa tangu aliponunuliwa simu. Wiki hii nimepokea barua ya katibu wa kamati ya msikiti mmoja wa Iringa, nisiyemtaja jina wala mtaa, nayo inahusu kompyuta. Niliposoma ukurasa wa kwanza nilidhani imepotea njia. Nilipofika ukurasa wa tatu nilitambua kuwa ni barua ya familia kama zile nyingine, na kwamba kamati nyingi za misikiti, madrasa na vikundi vya akina mama, kuanzia Iringa mpaka Mbeya na Tunduma, zimo katika hali hiyohiyo bila ya kulifikiria jambo lenyewe.

Kamati hiyo inatunza orodha ya mayatima, wajane, wanaopokea zaka, watoto wanaolipiwa ada, na watu waliokopeshwa mtaji mdogo wa biashara. Kwa miaka mingi orodha ilikuwa katika kaunta buku moja ndani ya kabati la mhazini. Baadaye ikahamishiwa kwenye kompyuta ya ofisi. Kompyuta hiyo ina akaunti moja tu iitwayo "admini", na nywila moja, ambayo ni jina la msikiti likifuatwa na tarakimu nne ambazo mtoto wa darasa la pili angezikisia. Wanaoijua ni watu saba. Mwaka huu mjane mmoja aliacha kuja kuchukua posho yake. Akina mama walipomtembelea, alieleza kwa upole kwamba sokoni muuza vitunguu alimuuliza, mbele ya watu, kama ule mchele wa Ramadhani ulimtosha. Tangu siku hiyo ameona afadhali ashone vitambaa usiku kuliko kurudi pale ofisini.

Nani alisema? Wahenga walinena kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata. Hapa kata zilikuwa saba. Kompyuta ilipoulizwa nani aliifungua orodha, ilijibu kwa uaminifu wake wote: admini. Na kila mmoja katika wale saba ni admini.

Kijana wa jamaa zao anayesoma Mbeya alijitolea kuwajengea kanzidata, yaani mahali pa kompyuta panapohifadhi kumbukumbu kwa mpangilio na kuzitoa kwa anayeruhusiwa. Kabla ya kuanza aliwaomba karatasi moja: nani ataingia, ataona nini, ataandika nini, ataingilia wapi. Rasimu ya karatasi hiyo ndiyo iliyoleta mtafaruku. Mzee mwenyekiti aliona kwamba yeye ataonyeshwa hesabu za jumla lakini hataonyeshwa majina ya wajane. Akauliza, kwa sauti iliyosikika hadi uani, iweje yeye aliyebeba mawe ya msingi wa msikiti ule azuiwe mlango na mtoto aliyezaliwa jengo likiwa limekwisha kuezekwa. Katibu ananiuliza mambo matatu: je, ni adabu kumnyima mzee? Je, usumbufu wote huu ni wa lazima kwa orodha ya watu wasiofika mia mbili? Na afanye nini na akaunti ya mhazini wa zamani?

Naanza na hilo la pili, kwa kuwa jibu lake limo katika adabu tuliyofundishwa tangu utotoni.

Sisi ni watu wa hodi. Qur'ani Tukufu, katika Suratun Nuur kuanzia aya ya 27, inatuelekeza tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Wanazuoni wameliandikia jambo hilo milango mizima. Na ipo ile riwaya mashuhuri ya Jabir bin Abdillah (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) kuhusu deni lililoachwa na baba yake, akabisha mlango. Alipoulizwa ni nani, akajibu kuwa ni yeye, "mimi". Mtume (S.A.W.) akalirudia neno hilo kama mtu aliyelichukia. Kila abishaye hodi ni "mimi". Neno hilo halimtambulishi mtu yeyote kwa aliye ndani.

Sasa itazame ile akaunti ya "admini". Watu saba wanabisha, na kila mmoja anajibu "mimi". Nyumba inafunguliwa.

Mafundi wa kanzidata hutenganisha maswali mawili ambayo sisi watu wa kawaida huyachanganya. La kwanza ni: wewe ni nani, na unathibitishaje? La pili ni: ukishajulikana, unaruhusiwa kufanya nini? Mgeni anaweza kujulikana vizuri kabisa kuwa ni shemeji wa nyumba, akakaribishwa ukumbini, akanywa chai, na bado asiwe na ruhusa ya kuingia chumba cha kulala. Kumtambua mtu hakumpi nyumba nzima. Ndiyo maana kijana wa Mbeya alipoomba karatasi alitaka safu mbili tofauti, moja ya majina na moja ya majukumu, na hapo alifanya kazi ya fundi aliyefundishwa vyema.

Jina ni la mtu mmoja, halirithiwi wala haliazimwi. Jukumu ni la kazi. Kanzidata zinazotumika sana na zinazopatikana bila malipo, kama PostgreSQL, MySQL na MongoDB, zote huruhusu utaratibu huu: unaunda jukumu, kwa mfano "mhazini", unaliandikia ruhusa zake mara moja, kisha unamvisha mtu jukumu hilo kama unavyomvisha joho. Akija mhazini mwingine, joho linahama. Ruhusa huna haja ya kuziandika upya. MySQL ilipata majukumu ya namna hii katika toleo la 8.0 mwaka 2018, lakini fikra yenyewe ni ya zamani zaidi. David Ferraiolo na Richard Kuhn, watafiti wa taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, waliiandika kwa utaratibu mwaka 1992. Na mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder walikuwa wameshaandika kanuni iliyo chini yake: kila mtumiaji na kila programu wapewe uwezo mdogo kabisa unaotosha kumaliza kazi yao, basi.

Kwa msikiti wa katibu wetu, mimi ningeyapanga majukumu namna hii, na wenye kamati wanaweza kunisahihisha. Katibu anaandika majina mapya na kurekebisha anwani. Mhazini anaingiza malipo, anaona aliyelipwa na kiasi alicholipwa, ila hana uwezo wa kufuta malipo yaliyokwisha kuandikwa. Akikosea anaandika sahihisho, na kosa na sahihisho vyote vinabaki vikionekana. Mwalimu wa madrasa anaona watoto wa darasa lake na mahudhurio yao. Hana haja ya kujua yupi analipiwa na zaka, na kwa kweli akijua, jicho lake darasani linaweza kubadilika hata kama moyo wake ni mwema. Akina mama wanaotembelea wajane wanaona majina ya eneo lao tu. Mkaguzi wa mwisho wa mwaka anasoma kila kitu na haandiki chochote, tena kwa wiki zile za ukaguzi pekee.

Hilo la eneo nalisisitiza, kwa kuwa liko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Wizara ya Afya nchini, kwa zaidi ya muongo mmoja sasa, hukusanya takwimu za vituo vya tiba kwa mfumo uitwao DHIS2, ambao chimbuko lake ni Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi na ambao huendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na washirika wengi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwamo. Katika mfumo huo mtumiaji hupewa vitu viwili: jukumu, linalosema anaweza kufanya nini, na eneo, linalosema anaweza kufanyia wapi. Aliyepangiwa Kilolo ataona vituo vya Kilolo. Aliyepangiwa mkoa wa Iringa ataona Kilolo na Mufindi na wilaya nyingine za mkoa. Hakuna anayelitazama jambo hilo kama dharau kwa mtu wa Kilolo. Kazi yake iko Kilolo.

Ndipo tunafika kwa mzee wetu mwenyekiti, na hapa nitasema bila kuzunguka, kwa heshima zote anazostahiki: kijana ana haki.

Kazi ya mwenyekiti ni kujua kwamba wajane ni wangapi, kwamba fedha iliyoingia imetoka kwa njia iliyoandikwa, kwamba hakuna aliyesahaulika, na kwamba mhazini na katibu wanakubaliana. Yote hayo anayapata katika jumla. Jina la mama aliyepokea debe la mahindi mwezi uliopita halimsaidii katika lolote kati ya hayo. Linamwongezea mzigo tu: siku siri ikivuja, naye atakuwa miongoni mwa wanaoulizwa. Kumwondolea mtu mzima shaka kama hiyo ni kumsitiri. Ikitokea shauri linalomhitaji ajue jina, mathalani ombi la mkopo mkubwa, katibu atamwonyesha faili hilo moja, na kanzidata itaandika kwamba siku fulani faili fulani lilifunguliwa kwa sababu fulani. Ningependa mzee aambiwe hivi na mtu wa rika lake, si na kijana. Katika hilo kamati ilikosea mpangilio. Rasimu kama ile haisomwi kwa mara ya kwanza mbele ya kikao.

Tena kijana mwenyewe asiachwe nje ya kanuni. Katika kila kanzidata kuna akaunti moja kuu inayoweza yote: kuunda watumiaji, kuwafuta, kusoma kila ukurasa. Fundi huihitaji siku ya kujenga. Baada ya hapo, kamati imtake ajiundie akaunti ya kawaida ya matengenezo isiyosoma majina, na nywila ya akaunti kuu iandikwe, itiwe katika bahasha mbili, nusu kwa nusu, moja kwa katibu na moja kwa mzee mwenyekiti. Hapo mzee anapata heshima ambayo ina maana: hakuna awezaye kuivunja nyumba mpaka yeye awepo. Bahasha zifunguliwe siku ya dharura tu, mbele ya mashahidi, na nywila ibadilishwe siku hiyohiyo.

Nikirudi kwenye uthibitisho. Msomaji atauliza: nywila yenyewe inakaa wapi ndani ya kompyuta, na huyo fundi si anaisoma? Swali zuri. Katika miaka ya 1960, kwenye kompyuta ya pamoja ya chuo cha MIT nchini Marekani, ambayo ni miongoni mwa za kwanza kabisa kutumia nywila, ilitokea siku moja faili la nywila likabadilishana nafasi na faili la tangazo la siku. Kila aliyeingia alisalimiwa na orodha ya nywila za watu wote. Zilikuwa zimeandikwa kama zilivyo, na ndiyo sababu.

Siku hizi nywila husagwa. Watu wa Nyanda za Juu Kusini hawahitaji maelezo marefu hapa: gunia la mahindi ukilipeleka mashineni linatoka unga, na hakuna mashine ya kuurudisha unga kuwa mahindi. Kanzidata inahifadhi unga. Ukija kesho na nywila yako, inaisaga upya na kulinganisha unga na unga. Kabla ya kusaga huongezwa chembe za kubahatisha, tofauti kwa kila mtu, ambazo mafundi wenyewe huziita chumvi, ili watu wawili waliochagua nywila moja wasitoe unga unaofanana. Katika PostgreSQL njia iitwayo SCRAM-SHA-256 ndiyo ya kawaida tangu toleo la 14 la mwaka 2021. Ile ya zamani, MD5, imedhoofika na haifai kuchaguliwa tena. Kijana aulizwe tu: umeweka ipi? Swali hilo moja linatosha kumwonyesha kwamba kamati haijalala.

Aulizwe na jingine. Kanzidata hiyohiyo ina faili dogo la mipangilio linalosema nani aruhusiwe kuingia, kutoka anwani ipi ya mtandao, na kwa uthibitisho gani. Miongoni mwa njia zinazoweza kuandikwa humo ipo moja ambayo jina lake, kwa lugha ya wenyewe, maana yake ni kuamini. Ukiiandika, mtu yeyote afikaye mlangoni kutoka anwani hiyo anaingia kwa jina lolote atakalolitaja, bila ya kuulizwa nywila. Mafundi huiweka wakati wa majaribio kwa kuwa inarahisisha kazi, na wakati mwingine huisahau. Sisi tunaothamini kuaminiana tunaweza kudanganywa na jina zuri kama hilo.

Kutoka Mbeya mpaka Iringa ni zaidi ya kilomita 300, na kijana atataka kufanya matengenezo akiwa chuoni bila kupanda basi la kupitia Makambako na Mafinga kila mara. Hapo ndipo mlango wa mtandao unapofunguliwa, na hapo ndipo pa kuangalia sana. Januari 2017 makundi ya wahalifu yalizunguka mtandaoni yakitafuta kanzidata za MongoDB zilizoachwa wazi. Yaliyakuta maelfu kwa maelfu, katika nchi nyingi, yamewekwa na watu waliotumia mipangilio waliyoikuta bila kuwasha uthibitisho. Hawakuhitaji kuvunja kitu. Waliingia, wakafuta kumbukumbu, wakaacha barua ya kudai fidia kwa Bitcoin. Na wengi waliolipa hawakurudishiwa kitu, kwa kuwa hapakuwa na nakala iliyotunzwa. Uthibitisho uwashwe kabla ya mtandao kuunganishwa. Utaratibu huo haugeuzwi.

Mipangilio ya akaunti huweza kwenda mbali zaidi ya nywila. Waweza kuamuru kwamba akaunti ya mhazini iingie kutoka kompyuta ya ofisi tu, hata mtu akiiba nywila yake atabaki mtaani nayo. Waweza kuamuru nywila ya mkaguzi ife tarehe fulani, hata ukisahau kumwondoa. Katika MySQL waweza kuamuru akaunti ijifunge baada ya majaribio kadhaa yaliyoshindikana, ili mtu asikae usiku kucha akibahatisha. Kuna wasomaji watakaoona hayo ni mambo mageni. Lakini Suratun Nuur, katika aya ya 58, imeweka nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani na watumishi, waliozoea kuingia na kutoka, huombea ruhusa: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya sala ya isha. Na aya inayofuata inasema mtoto akibaleghe hukumu yake inabadilika, naye huomba ruhusa kama wakubwa. Mtu ni yuleyule, nyumba ni ileile, ila saa na hali vimebadilika, na ruhusa ikabadilika pamoja navyo. Mama yeyote aliyewahi kumwambia mwanawe wa miaka kumi na miwili kwamba sasa abishe hodi kabla ya kuingia chumba cha dada zake ameshafanya kazi ya msimamizi wa kanzidata.

Na tukiwa bado nyumbani: ni nyumba ngapi ambamo namba ya siri ya simu ya pesa ya mama inajulikana na baba, na kaka mkubwa, na dada wa kazi, na mtoto anayetumwa kwa wakala? Fedha ikipungua, nyumba nzima inatazamana. Anayeumia kwanza huwa ni yule mnyonge kuliko wote, hata kama hakugusa kitu. Nywila ya pamoja humnyima asiye na hatia njia ya kujitetea. Watu sita kati ya wale saba wa Iringa hawakusema lolote sokoni, na hawana hata mstari mmoja wa kuwathibitishia. Nadhani hili ndilo ningelitanguliza kama ningekuwa katika kikao kile: jina lako peke yako mlangoni ni kinga yako kabla ya kuwa kinga ya mjane.

Kwa hiyo, ndugu yangu katibu, watu mia mbili si wachache. Hata kama wangekuwa kumi. Sheria ya nchi nayo haikuangalia wingi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Inazitaka taasisi zinazokusanya na kuchakata taarifa za watu zijisajili kwa Tume na zichukue hatua za kuzilinda. Kati ya taarifa inazoziita nyeti zimo za afya, imani ya dini, za watoto, na za miamala ya fedha ya mtu. Litazame daftari lako: mjane, maradhi ya mwanawe, dini yake, kiasi anachopokea. Ukurasa wako mmoja una karibu kila kitu ambacho sheria imekitenga. Kamati imwone wakili au iulize Tume yenyewe kuhusu usajili, isingoje kuulizwa.

Kuhusu yule mama aliyeacha kuja, nisingependa kamati imwendee na maelezo ya kompyuta. Wamwendee wale akina mama waliomtembelea mara ya kwanza, wamwombe radhi kwa niaba ya ofisi, na posho yake ipelekwe kwake kwa njia atakayoichagua mwenyewe. Kumtafuta aliyesema sokoni kwa kuwahoji watu saba mmoja mmoja, kama barua inavyodokeza kuwa baadhi ya wajumbe wanataka, kutazaa kesi saba na hakutampata mtu. Kumbukumbu hazipo. Zianze kuandikwa sasa.

Limebaki la mhazini wa zamani, aliyehamia Dodoma mwaka juzi na ambaye, kwa maneno ya barua, bado "anaingiaingia kuwasaidia hesabu zinapogoma". Akaunti ya pamoja ikifa, na yake mpya isizaliwe. Na katika kanzidata mpya, siku mhazini yeyote atakapoondoka, msiifute akaunti yake. Ifungwe siku hiyohiyo anapokabidhi: avuliwe jukumu, nywila izuiwe, asiweze kuingia tena hata kwa nia njema. Lakini jina libaki palepale, kwa sababu kila risiti aliyoiandika katika miaka yake imefungamana na jina hilo, na mkaguzi wa mwaka 2030 atataka kujua ni mkono wa nani. Mkabidhiano uandikwe kwenye karatasi, tarehe na saa, na usainiwe na anayetoka, anayeingia na katibu. Hesabu zikigoma tena kabla ya mhazini mpya kuzoea, apigiwe simu Dodoma naye aelekeze kwa mdomo, huku mikono iliyo juu ya kibodi ikiwa ya yule mpya, kwa jina lake mwenyewe.